Nguo Tatu za Ubongo

Woluwe-Saint-Lambert, Jumatatu tarehe 5 Mei 2025

Tonton Crispin,

Umenikatia simu mara mbili ukisema jambo la kichwa chako haliongelewi, linaandikwa. Bon, naandika, ingawa ningepanda basi sasa hivi ningekuwa mezani kwako Auderghem kabla wino huu haujakauka.

Naanza na tarehe kwa sababu najua unazipenda. Upasuaji wako ni Jumanne 17 Juni. Karatasi ya ruhusa, yenye sahihi yako, lazima imfikie daktari kabla ya Ijumaa 6 Juni saa kumi. Isipofika, nafasi yako anapewa mwingine na wewe unarudi nyuma ya foleni hadi Septemba. Uvimbe hautasubiri Septemba. Daktari amesema mbele yetu sote wawili: si kansa, unakua polepole, lakini umekaa juu ya pua, nyuma ya paji la uso. Harufu umeshakunyang'anya. Sasa unasogea kwenye mshipa wa jicho.

Na wewe ukamjibu nini? «Sitii sahihi kwenye jambo ambalo siwezi kumweleza mama yangu.» Daktari wa watu, kwa heshima kabisa, ametoka na kuniuliza mama yako anaishi wapi ili wamwalike. Nimemwambia alifariki mwaka 1983. Alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Tonton, huu ni mwaka wa sita ninaosha wagonjwa katika wodi ya daktari huyu hapa hospitalini, nawalisha, nawageuza, na watu wananiheshimu. Usiniaibishe. Niandikie maneno usiyoyaelewa kwenye karatasi ile, mimi nitakuletea Kiswahili chake. Tante Masika angekuwa hai, angekushika mkono mwenyewe na kalamu ikiwa ndani.

Mtoto wa dada ya mkeo Masika,
Kahambu


Auderghem, Alhamisi tarehe 8 Mei 2025

Mpendwa Kahambu,

Barua yako ya tarehe 5 nimeipokea jana saa tano asubuhi. Nimeiandika kwenye shajara, nimeisoma mara mbili, nimeitoboa na kuiweka kwenye faili. Simu haina sehemu ya kutoboa.

Maneno ni haya, nimeyanakili kama yalivyo: méninges, dure-mère, arachnoïde, pie-mère, méningiome. Usije ukaniambia sijui Kifaransa. Nimemaliza humanités, yaani sekondari, Butembo kwa asilimia sitini na nne. Kifaransa cha darasani ninacho, cha buchani ninacho. Hiki cha madaktari ni Kigiriki kilichovaa tai.

Tena kitu chenyewe nakijua kuliko wewe. Kuanzia Oktoba 1999 hadi Machi 2021 nimepasua vichwa vya ndama katika bucha za mji huu wa Ulaya. Wazungu wanakula ubongo na siagi, na kabla ya kuuza lazima mchinjaji auvue. Ukifungua mfupa unakutana kwanza na utando mnene, mweupe, mgumu kama turubai lililolowa, umeng'ang'ania mfupa. Chini yake upo wa pili, mwepesi, unaona upande wa pili. Wa tatu umebana ubongo wenyewe na kuingia katika kila mkunjo. Huo hautoki bila maji baridi na subira. Wanafunzi wangu walikuwa wanauchana. Mimi niliutoa mzima, kama soksi ya mtoto.

Kwa hiyo vitu ninavyo vidoleni, majina ndiyo sina. Tafuta majina.

Kuhusu pua, ni kweli. Jumamosi maharagi yameungua hadi yakawa makaa, mimi nimekaa karibu nasoma gazeti. Zimamoto waliingia na kofia zao. Nimewaomba radhi na kuwapa chai.

Tonton wako,
Crispin


Woluwe-Saint-Lambert, 13 Mei 2025

Tonton,

Nimeshughulika. Kuna Mtanzania anayesoma udaktari hapa kampasi, tunakutana kwenye mashine ya kahawa. Nilimwonyesha orodha yako. Akacheka, akasema, «Dada, haya yote yapo kwenye Kiswahili sanifu, usihangaike.» Akaniandikia nyuma ya risiti:

Méninges ni tando za ubongo. Dure-mère ni utando mgumu. Arachnoïde ni utando wa buibui, kwa vile una nyuzi nyuzi. Pie-mère ni utando laini. Na méningite, ingawa hukuiuliza, kwao wanaiita homa ya uti wa mgongo.

Méningiome yako hakuwa na neno lake moja. Alisema ni uvimbe wa tando za ubongo.

Basi, una majina, una kalamu. Leo ni tarehe 13. Zimebaki siku ishirini na nne.

Na tafadhali usipike tena peke yako. Nitakuletea chakula Jumapili, wewe washa redio tu.

Kahambu


Auderghem, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025

Mpendwa Kahambu,

Mshukuru kijana. Mwandiko wake ni mzuri. Maneno yake nimeyajaribu.

Nimeyajaribu hivi: nimesimama jikoni nikajifanya namwambia mama yangu, mwanamke aliyelima viazi maisha yake yote. «Mama, nina uvimbe kwenye utando wa buibui.» Nimemsikia kabisa akijibu, «Buibui amekuingia kichwani, na wewe umekaa huko Ulaya unanitazama?» Neno ni sahihi, lakini kwa mama yangu halipiti mlangoni. Na ile homa ya uti wa mgongo: mtu analia kichwa kinamuuma, wewe unamwambia habari za mgongo. Kijana anieleze.

Usiku nilikuwa nakunja nguo na ndipo nikaona. Ubongo umevaa nguo tatu. Ya nje ni koti, nene, la kuzuia mvua na magongo. Katikati ni shati, jepesi. Ndani kabisa ni singleti, fulana inayobana mwili. Mama yangu hakusoma, lakini koti, shati na singleti alizifua sana. Tando ziendelee kuitwa tando kwenye karatasi za serikali. Mdomoni tuseme nguo.

Sasa nijibu mambo mawili. La kwanza, uvimbe wangu umeshika nguo ipi? La pili, damu. Ikivuja kati ya nguo hizi, kila mahali pana jina lake? Niandikie zote, hata zisizonihusu. Nataka faili iwe kamili.

Sahihi bado.

Crispin


Woluwe-Saint-Lambert, 21 Mei 2025

Tonton yangu,

Kaa chini kwanza. Nina habari.

Juzi waliniita ghafla wodi ya watoto. Kuna maman kutoka Uvira, ana miezi mitatu tu hapa, mtoto wake wa miaka tisa anaungua homa, shingo imekakamaa, mwanga unamuumiza macho. Méningite. Daktari alitaka kutoa maji mgongoni kwa sindano, apime. Maman amekaa juu ya kitanda cha mtoto kama ukuta. «Mutoto anaumwa kichwa, munataka kumutoboa mugongo? Munafanya masomo juu ya mutoto yangu?» Mkalimani alikuwa mbali, kwenye simu, sauti inakatika.

Nikasema, maman, tazama. Nikavua koti langu la kazi. Nikamwambia ubongo una nguo tatu, koti, shati, singleti. Nguo hizi hazikomei shingoni, ni ndefu kama za padri, zinashuka na mgongo hadi kiunoni. Kati ya shati na singleti kuna maji, ni yale yale juu na chini. Homa imeingia ndani ya nguo. Hatuwezi kuchota maji kichwani bila kumsumbua, kwa hiyo tunachota chini, kwenye pindo.

Alifikiri. Akauliza, «Pindo ya shati?» Nikasema ndiyo. Akashuka kitandani, akamshika mtoto mabega mwenyewe.

Mtoto amekula mkate leo. Amelalamika kwamba siagi ni kidogo.

Anaïs, kiongozi wa wauguzi wetu, ameomba nakala ya karatasi yako ya nguo tatu. Aliniuliza ni profesa gani ameandika. Nimesema ni mchinjaji wa Auderghem. Ameandika hivyo hivyo juu ya karatasi.

Kwa hiyo lile swali lako kwa kijana limejibiwa. Wanasema mgongo kwa sababu pindo liko huko.

Maswali yako sasa. Uvimbe wako, nimemuuliza daktari mwenyewe: unazaliwa na chembe za shati, lakini unang'ang'ania koti. Alicheka alipojisikia akisema hivyo. Damu zina mahali patatu. Kuna damu juu ya koti, kati ya koti na mfupa. Mara nyingi mtu amepigwa au ameanguka. Kuna damu chini ya koti, mara nyingi wazee, inajikusanya polepole, wiki hata wiki. Na kuna damu chini ya shati. Hiyo hutokea mshipa unapopasuka, mara nyingi bila mtu kugongwa popote. Inakuja ghafla kama ngumi, na wengi hawafiki hospitali.

Faili imekamilika? Zimebaki siku kumi na sita, Tonton. Maman wa Uvira amekubali kwa maneno yako, wewe mwenye maneno unangoja nini?

Kahambu


Auderghem, Jumapili tarehe 25 Mei 2025

Kahambu mwanangu,

Nimefurahi kuhusu mtoto. Mwambie Anaïs karatasi ile nitaiandika upya kwa mwandiko safi.

Umeniuliza nangoja nini. Nitakujibu kwa kunakili ukurasa wa shajara yangu. Sijawahi kumwonyesha mtu.

«Alhamisi, 12 Novemba 2009. Baridi. Masika ameanguka jikoni saa moja asubuhi, ameshika kichwa, amesema jina langu mara moja. Ambulance. Saa nne wameniletea karatasi, nimetia sahihi. Saa tisa Masika amefariki. Daktari ameandika: hémorragie sous-arachnoïdienne. Nimenakili herufi kwa herufi. Sijui ni nini.»

Jioni ile nilipiga simu Butembo. Ukoo wenu wote ulikuwa umekaa kuizunguka simu moja. Nyanya yako, mama mkwe wangu, aliniuliza, «Nini kimemuua mtoto wangu?» Nikasema, «Kichwa.» Akasema, «Watu wote wana kichwa, Crispin.»

Nilikuwa mwanaume wa miaka hamsini, nimesoma, nina shajara, sina neno. Na moyoni nilijua jambo ambalo sikumwambia yeyote: saa nne nimetia sahihi, saa tisa amekufa. Miaka hii yote nimekuwa nikijiuliza, nilisaini nini? Ningeweza kuuliza. Kamusi ipo, madaktari wapo, na wewe upo. Niliogopa jibu. Nilifikiri nikizunguka nalo polepole, neno hili, neno lile, nitafika bila kuonekana nakwenda huko.

Barua yako ya tarehe 21 imenifikisha. Hémorragie ni damu inayovuja. Sous ni chini. Arachnoïde ni shati.

Nakala ya ile karatasi ya 2009 ninayo. Iko katika bahasha hii. Isome wewe, na kama hujui, mwonyeshe daktari. Niambie nilitoa ruhusa ya nini. Usinipunguzie chochote.

Ukinijibu, nitajua kama mkono wangu unafaa kushika kalamu.

Crispin


Woluwe-Saint-Lambert, Jumatano tarehe 28 Mei 2025

Tonton,

Nimeisoma. Anaïs ameisoma. Daktari wako pia ameisoma, amekaa chini na kuisoma hadi mwisho. Sikupunguzii chochote.

Mshipa wa Tante ulipasuka pale jikoni, saa moja asubuhi, kabla hujashika kalamu yoyote. Damu ilimwagika chini ya shati na kuziba njia za maji. Maji yakajaa, yakabana ubongo. Karatasi uliyotia sahihi saa nne ilikuwa ya mrija mdogo wa kuyatoa yale maji. Ilikuwa njia ya kumtafutia nafasi. Usingesaini, angekufa mapema zaidi. Daktari amesema nikuandikie maneno yake haya: «Mimi pia ningetia sahihi, kwa mke wangu mwenyewe, na haraka.»

Ulimpa saa tano za uhai, Tonton. Hukumnyang'anya hata moja.

Mimi siku ile ya simu nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekaa karibu na Koko, nyanya yangu. Nakiri kwamba sisi vijana tulisema mambo juu yako baadaye. Nisamehe.

Jana nimempigia Koko. Ana miaka themanini na minane na anasikia anachotaka tu. Nimemweleza nguo tatu, nimemweleza mshipa, nimemweleza mrija. Akasema, neno kwa neno: «Damu chini ya shati. Eeh. Sasa nimeelewa. Baba yake alikwenda vile vile, shambani, ameshika kichwa.» Halafu akasema: «Mwambie Crispin aache kunitumia blanketi kila Noeli. Nina blanketi kumi na tano, watu wanadhani ninaziuza. Mimi sikumdai kitu. Nilimuuliza swali tu.»

Na mwisho: «Atie sahihi. Mimi ndiye mama yake sasa, na nimeelezwa.»

Kahambu


Auderghem, Jumanne tarehe 3 Juni 2025

Mpendwa mwanangu,

Barua yako ilifika Ijumaa. Shajara ya siku hiyo ina mstari mmoja tu, na sitaunakili.

Jumamosi niliamka mwepesi. Nikasema, kama ni kupasuliwa, tufanye kwa utaratibu. Mgonjwa mwenye adabu hawaachii wauguzi kazi ya kunyoa. Nikaenda Porte de Namur kwa Doudou, kinyozi wangu.

«Papa Crispin, nipunguze kama siku zote?»

«Toa yote.»

«Yote? Kuko shida ku nyumba?»

«Kata, Doudou.»

Akakata, na hakutaka malipo, na alinishika bega nilipotoka. Hapo ningepaswa kushtuka. Lakini kichwa kilikuwa kinapata upepo, nikafurahia tu.

Jumapili nimeingia kanisani na upara unang'aa. Kahambu, nilisahau! Mimi mwenyewe, mtoto wa Butembo, nilisahau kwamba kwetu mtu mzima hanyoi upara hivi hivi, ananyoa kwa sababu amefiwa. Wimbo wa kwanza haujaisha, akina maman wameanza kunong'ona. Baada ya misa nikatazama, nimezungukwa. Maman Yolande ananishika mikono miwili, machozi yako tayari.

«Papa Crispin, pole sana. Ni nani mwenye alikufa?»

Ningeweza kusema hapana, ni nywele tu. Lakini nilikuwa nimebeba barua yako mfukoni, na mdomo ukasema wenyewe:

«Masika.»

«Masika gani?»

«Mke wangu.»

«Papa,» akasema polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliyepanda juu ya ukuta, «Masika tulimuzika mu 2009. Mimi mwenyewe nilipika mupunga.»

«Najua. Lakini alichokufa nacho nimekijua juzi.»

Nyuma nikasikia Guylain anamwambia mkewe, «Donc, huyu iko na shida mu kichwa.»

Nikageuka nikamwambia, «Ndiyo, Guylain. Hiyo nayo ni kweli.»

Basi ikabidi niseme yote. Tulikwenda ule ukumbi wa nyuma. Nilisimama mbele nikavua koti, nikavua shati, nikabaki na singleti mbele ya waumini, miaka sitini na sita, nikawaonyesha wapi damu ya Masika ilipita na wapi uvimbe wangu umeshika. Walicheka, kisha walilia, kisha Maman Yolande akasema nivae nisishikwe na mafua. Guylain alikuja kuomba msamaha. Nikamwambia amefanya uchunguzi bila mashine, ni kipaji.

Karatasi ilikuwa kwenye faili, na faili huwa natembea nayo. Nimeisoma kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na palipo na neno gumu nimevuta nguo yake. Kisha nimetia sahihi juu ya kitabu cha nyimbo, saa saba na dakika kumi.

Posta siiamini kwa jambo hili. Leo naileta mwenyewe kwa basi.

Crispin


Woluwe-Saint-Lambert, 10 Juni 2025

Tonton,

Siku uliyoleta karatasi mimi nilikuwa na mapumziko, lakini nimesikia yote. Anaïs anasema ulisimama mbele ya meza yake ukamsomea karatasi nzima kwa Kiswahili, yeye binti wa Namur asiyejua hata «asante», na kwamba alisikiliza hadi mwisho kwa sababu ulivyosoma ilionekana ni jambo kubwa. Kisha ulimdai risiti. Amekuandikia. Haijawahi kutokea.

Kuhusu nywele, samahani, nacheka hadi mkono unaruka. Daktari huwa ananyoa ukanda mwembamba tu, upana wa vidole viwili, nyuma ya paji la uso, na nywele zinaufunika. Ungeniuliza! Umejiletea matanga bure.

Maman Yolande amepiga simu hapa mara tatu. Nimemwambia sheria ni wageni wawili kwa wakati mmoja. Akajibu, «Bon, watakuja wawili wawili, wako makumi ine.» Nimemwomba Anaïs radhi mapema kwa hao arobaini.

Sasa maneno ya kweli kidogo. Harufu huenda isirudi. Jicho wanatumaini litapona. Ukiamka unaweza kuchanganyikiwa siku moja mbili, uso utavimba, usijitazame kwenye kioo. Mimi sitakuwa ndani ya chumba cha upasuaji, hawaturuhusu, lakini nitakuwa koridoni na saa yako mkononi, ile unayoniachia.

Naogopa kidogo. Wewe?

Kahambu


Hospitali, chumba cha ghorofani, Jumanne tarehe 24 Juni 2025

Mpendwa Kahambu,

Wewe unafanya kazi asubuhi, jioni unakwenda kulala, na katikati Maman Yolande anaongea. Kwa hiyo nimeona nikuandikie. Anaïs atakupa.

Ulipouliza kama naogopa, sikukujibu. Niliogopa sana. Sasa nimepita, naweza kuandika.

Taarifa kwa utaratibu: siku ya saba leo. Pini thelathini na moja kichwani, nimezihesabu kwa kidole. Jicho la kulia limefunguka jana na linaona gari za chini zote, hata namba. Pua bado. Mwandiko, kama unavyoona, unapanda mlima, lakini unapanda. Na yale mambo ya siku ya pili, nilipomwita daktari mama na kumweleza ugonjwa wangu tangu mwanzo hadi mwisho, siyakumbuki. Naambiwa sikukosea hata nguo moja.

Sasa sikiliza. Kitanda cha pili wamemleta Jumapili jioni mzee wa Kolwezi anaitwa Ngoy, fundi wa zamani wa magari. Alianguka kwenye ngazi mwezi uliopita akibandika karatasi za ukutani, akasema si kitu. Juzi mguu wa kushoto ukaanza kubaki nyuma. Daktari amemwonyesha picha: damu chini ya koti. Wanataka kutoboa matundu mawili madogo, itoke. Binti yake Larissa analia koridoni, kwa sababu papa amekataa kutia sahihi.

Asubuhi nikamuuliza, «Papa Ngoy, unakataa nini?»

«Mi nakatala muntu kutoboa kichwa yangu na mashine ya kutoboa ukuta.»

Nikamweleza koti, shati na singleti. Alinisikiliza, mdomo umeinuliwa upande mmoja, namna watu wa Katanga wanavyotusikiliza sisi wa Kivu. Kisha akasema, «Hiyo Kiswahili yenu ni ya kushona. Kichwa haina nguo. Kichwa ni moteur. Kuko bâche, kuko joint, kuko peinture.»

Turubai, gasketi, rangi! Nikamwambia singleti si rangi, rangi haitoki nzima, mimi singleti nimeitoa nzima miaka ishirini na zaidi. Akaniambia sijawahi kufungua injini. Nikamwambia hajawahi kufungua kichwa. Larissa aliacha kulia, akaingia kutazama. Tumegombana hadi saa nane, chakula kimepoa, na muuguzi ametishia kututenganisha.

Saa tisa akauliza kwa sauti ndogo, «Donc mafuta imeingia chini ya bâche, inakandamiza moteur. Wakitoboa, inatoka?»

«Inatoka.»

«Na kama haitoki?»

Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna fundi anayeapa, lakini wasipotoboa hakika haitoki. Nikamwambia pia kuhusu Masika, na karatasi yangu ya saa nne. Akanyoosha mkono, nikampa kalamu yangu, ametia sahihi kwa herufi kubwa, akaweka na tarehe.

Wanampeleka kesho asubuhi. Dakika hii amenigeukia kuniambia «shati» ni neno baya, halina mafuta. Nimemjibu kwamba mjadala haujafungwa, na kwamba haruhusiwi kufa kabla sijamshinda.

Amesema atarudi kwa sababu hiyo tu.

Tonton wako,
Crispin